Mkongo Ukikatika Durban, Kwa Nini Ujumbe wa Tandika Haufiki Mwenge?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, jirani yangu ambaye ni wakala wa pesa za simu hapa Tandika alifanya kazi kama siku nyingine. Mteja anakuja, nyota inabonyezwa, tarakimu, reli, ujumbe unaingia, noti zinahesabiwa. Pembeni yake alikaa mwanawe, ambaye tangu asubuhi alikuwa akihangaika kumtumia shangazi yake wa Mwenge picha ya kumpongeza kwa Siku ya Mama. Kila akituma, kialama cha saa kinabaki palepale. Akanigeukia: "Mjomba, mbona simu ya mama inatoa pesa na yangu haitumi hata picha, na wote tuna laini ya kampuni moja?"

Baadaye habari ikaenea kwamba mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, imekatika kaskazini mwa Durban, Afrika Kusini. Jibu hilo lilizaa maswali mapya. Tandika na Mwenge ziko jiji moja. Durban inaingiaje hapo? Wengine walisema serikali imezima mtandao, wengine wakasema satelaiti imeharibika, na wengi waliingia dukani kununua bando jipya wakidhani la zamani limeisha. Wale wa bando ndio walioniuma zaidi, kwa sababu walitoa hela yao kwa tatizo ambalo hela yao isingeweza kulitatua.

Swali la kijana yule ni zuri kuliko majibu mengi yaliyotolewa siku hiyo. Kulijibu sawasawa kunahitaji kuifuata picha yake hatua kwa hatua, tangu mkononi hadi baharini.

Maneno machache kabla ya safari

Intaneti si kitu kimoja kinachomilikiwa na mtu mmoja. Ni maelfu ya mitandao iliyokubaliana kupokezana mizigo: mitandao ya kampuni za simu, ya vyuo vikuu, ya benki, ya wenye seva kubwa, yaani kompyuta za kuhifadhi na kugawa data, huko Ulaya na Marekani. Mtoa huduma wako ni mmoja wa hiyo mitandao. Kazi yake ni kukufikisha wewe kwenye mingine.

Picha haisafiri nzima. Simu huikata vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikiwa na takriban baiti 1,500, kwa hiyo picha ya MB 2 ni pakiti zaidi ya elfu moja. Kila pakiti imeandikwa namba mbili: inatoka wapi na inakwenda wapi. Hizo ndizo namba za IP. Ruta ni mashine inayosoma namba ya mwisho wa safari na kuamua pakiti ipite mlango gani. Kile kiboksi cha nyumbani ni ruta, na katika vyumba vya mitambo vya mtoa huduma kuna ruta kubwa zinazofanya kazi ileile kwa mamilioni ya pakiti kila sekunde.

Neno linalotuchanganya Watanzania kuliko yote ni "mkongo", kwa kuwa tunaliita kwa vitu viwili. Uko Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na unaoendeshwa na TTCL. Huo ni wa nchi kavu: unaunganisha mikoa na kufika mipakani mwa majirani zetu. Halafu iko mikongo ya baharini, inayotuunganisha na mabara mengine. Ndani ya yote miwili mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kinachosafiri humo ni mwanga unaowakawaka. Mtu akisema "mkongo umekatika", swali la kwanza liwe: upi?

Na tuliondoe la satelaiti mapema. Zaidi ya asilimia 95 ya data zinazovuka kutoka bara hadi bara hupita chini ya bahari. Satelaiti zipo, na Starlink ilianza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, lakini hata data za satelaiti mwishowe hushuka kwenye kituo cha ardhini na kuingia katika nyuzi zilezile. Kwa wengi wetu, intaneti inatoka baharini.

Kutoka mkononi hadi chumba cha mitambo

Hatua ya kwanza ni ya hewani, kutoka simu hadi mnara. Vile vimistari vya mtandao juu ya kioo cha simu vinapima kipande hiki tu. Vikijaa maana yake unausikia mnara vizuri, na havisemi chochote kuhusu kilichopo nyuma ya mnara. Mnara wenyewe hauna intaneti. Umeunganishwa kwa faiba, yaani zile nyuzi za kioo, au kwa mawimbi ya redio na mitambo ya kampuni, na ikikatika huko nyuma, vimistari vitabaki vimejaa huku hakuna kinachofunguka. Siku ile ya Mei watu walikuwa wanazima na kuwasha simu, wanapanda juu ya meza, wanatoka nje uwanjani. Mnara ulikuwa mzima.

Aliye na faiba nyumbani njia yake ni nyingine. Waya mwembamba unaoingia kwake si wake peke yake. Mahali fulani mtaani, kwenye nguzo au ndani ya kisanduku, kuna kifaa kidogo kisichotumia umeme kinachougawa mwanga wa uzi mmoja kwenda nyumba 32 au 64. Teknolojia hiyo inaitwa GPON, na kwa kawaida uzi mmoja hushusha gigabiti 2.5 kwa sekunde kwa nyumba zote hizo. Piga hesabu: nyumba 64 zikivuta kwa nguvu zote kwa wakati mmoja, kila moja inapata kama megabiti 39. Wewe umelipia 100. Umeibiwa?

Hapana, si lazima. Ni kama bomba la maji la mtaa. Hakuna fundi anayelaza bomba kubwa kana kwamba nyumba zote zitafungua koki zote kwa dakika moja, kwa sababu haitokei hivyo. Watoa huduma wote duniani hupiga hesabu hiyo. Tatizo huja pale anapoendelea kuunganisha nyumba mpya bila kuongeza uwezo, na dalili yake ni ileile ya maji: saa nane usiku intaneti inakimbia, saa mbili usiku watu wakishakula inakuwa uji. Ukiliona hilo kila siku kwa saa zilezile, usimlaumu mkongo wa baharini. Mlaumu aliyejaza mtaa.

Hapohapo nisahihishe kosa moja linaloleta ugomvi mwingi kati ya wateja na wauzaji. Kasi hutangazwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kifurushi cha Mbps 20 hushusha MB 2.5 kwa sekunde kikiwa katika hali yake bora. Filamu ya MB 1,500 inachukua dakika kumi. Nimewaona watu wakirudisha ruta nzima kabisa dukani kwa sababu ya tofauti hii ya mara nane.

Kutoka mtaani na minarani, data hukusanyika kwenye mitambo mikuu ya kampuni. Fikiria stendi ya mabasi ya Mbezi. Mizigo inaingia kutoka kila kona, na mpakizi hafungui mfuko kuona kama ni mchele au nguo. Anaangalia alichoandika karani kwa kalamu ya wino mzito: MBY, MZA, ARU. Anaurusha kwenye basi lake. Watoa huduma wengi hufanya hivyo ndani ya mitandao yao kwa mbinu inayoitwa MPLS: pakiti ikiingia inabandikwa lebo fupi, na ruta za katikati zinasoma lebo tu badala ya kuchambua anwani nzima kila kituo. Lebo huwezesha pia kampuni kutenga njia ya matawi ya benki isichanganyike na ya watazama video, ingawa zote zinapita katika uzi uleule.

Wapangaji wa anwani moja

Namba za IP za mfumo wa zamani, unaotumika bado sehemu kubwa ya dunia, ni takriban bilioni 4.3 tu. Watu ni zaidi ya bilioni 8, na wengine wana simu mbili, televisheni na kamera ya getini. Barani kwetu namba hizi hugawiwa na AFRINIC, taasisi yenye makao Mauritius, na hazitoshi.

Ndiyo maana kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi. Posta inajua namba ya nyumba tu. Barua zikifika, mwenye nyumba ndiye anayejua hii ni ya chumba cha tatu, ile ni ya mama wa uani. Mtambo wa kampuni hufanya kazi ya mwenye nyumba, isipokuwa wapangaji wake ni mamia au maelfu.

Ukilijua hili, mambo kadhaa ya ajabu yanaeleweka. Mtu wa Mbeya anapata tahadhari kwamba akaunti yake imefunguliwa Dar es Salaam, anapiga kelele kuwa amedukuliwa, kumbe ni yeye mwenyewe: namba ya IP aliyotokea nayo ni ya mtambo wa kampuni ulioko Dar. Tovuti inamlazimisha achague picha za taa za barabarani kuthibitisha kuwa ni binadamu, kwa sababu mpangaji mwenzake asiyemjua amefanya fujo kwa anwani hiyohiyo. Na fundi anafunga kamera dukani, halafu mwenye duka akisafiri hawezi kuiona moja kwa moja, kwa kuwa anayebisha hodi kutoka nje anafika kwa mwenye nyumba na hajui chumba. Ukitaka kujua kama nawe ni mpangaji, tazama namba ya IP ambayo ruta yako imepewa na kampuni: ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, ndivyo ilivyo. Mfumo mpya, IPv6, una namba za kumtosha kila mtu na kila kifaa chake, lakini kuhamia huko kunakwenda taratibu.

Makonda wa dunia

Sasa picha ya kijana iko kwenye ruta ya mwisho ya kampuni, mlangoni pa kutokea. Seva za programu anayotumia haziko Tandika wala Mwenge. Shangazi anaweza kuwa amekaa umbali wa nauli mbili za daladala, lakini ujumbe lazima kwanza ufike kwenye seva za mwenye programu, ng'ambo, ndipo urudi. Kwa hiyo ruta inauliza: nani anajua njia ya kwenda huko?

Jibu linatokana na utaratibu unaoitwa BGP, na kwangu mimi hapa ndipo penye roho ya intaneti. Simama kituo cha Mbagala asubuhi. Kila konda anapaza sauti: "Kariakoo! Kariakoo!" "Makumbusho, Makumbusho hiyo!" Hakuna ofisi kuu iliyoandika abiria gani apande gari gani. Abiria anasikiliza, analinganisha, anachagua. Mitandao ya dunia hufanya hivyohivyo. Kila mmoja una namba yake ya utambulisho na unawatangazia jirani zake: "Kupitia kwangu unafika kwa namba hizi za IP, na njiani nitapita kwa fulani na fulani." Jirani akipenda anaipokea njia hiyo na kuwatangazia wengine. Rasimu ya kwanza ya utaratibu huu ilichorwa Januari 1989 na wahandisi wawili, Yakov Rekhter na Kirk Lougheed, wakati wa chakula, kwenye karatasi za kupangusia mikono. Hadi leo dunia nzima inaendeshwa na wazo lile.

Uzuri wake ni kwamba gari moja likiharibika, makonda wengine bado wapo. Mkongo ukikatika, tangazo la njia hiyo linafutwa, na ruta zinahamia njia nyingine bila mtu kugusa kitu. Ubaya wake ni kwamba konda anaaminiwa kwa mdomo. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilikusudia kuizuia YouTube ndani ya nchi yake, ikatangaza njia ya uongo kuelekea YouTube, na tangazo likavuka mipaka. Sehemu kubwa ya dunia ikawa inapeleka watazamaji wa YouTube Pakistan, ambako hawakukuta kitu.

Na konda akinyamaza je? Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka kwa takriban saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa kampuni, na seva zake za majina zikaacha kujitangaza kwa dunia. Seva za majina ni kama orodha ya majina kwenye simu yako: wewe unakumbuka "Mama Salma", simu inakumbuka namba. Mfumo huo unaitwa DNS, na ndio unaobadilisha jina la tovuti unaloandika kuwa namba ya IP. Jumba lilikuwepo, taa zinawaka, ila barabara ya kulifikia na kibao chenye jina lake vyote viliondolewa kwa mpigo. Siku ile nayo wengi hapa kwetu walilaumu bando.

Nyumba yenye milango miwili

Turudi kwenye Mei 2024. Kama makonda hubadilisha njia wenyewe, mbona Tanzania ilizama?

Ukanda wetu ulipata mikongo ya baharini kuanzia mwaka 2009. TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, Seacom ikaanza kazi mwaka huohuo ikipitia Mombasa na Dar es Salaam, na EASSy ikafuata mwaka 2010 ikitandazwa kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Kabla ya hapo tulitegemea satelaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwa bei ya kutisha na kwa kuchelewa kwa kila neno la simu.

Kwa picha iliyo rahisi, Dar es Salaam ina milango miwili ya baharini. Wa kaskazini unapitia Bahari ya Shamu na Misri hadi Ulaya. Wa kusini unateremka hadi Afrika Kusini, kisha unapanda pwani ya magharibi ya Afrika. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka mbaya kwa milango yote miwili. Februari, meli ya mizigo Rubymar ilishambuliwa katika Bahari ya Shamu ikaachwa na mabaharia wake, nanga ikiburuzika chini. Tarehe 24 mwezi huo mikongo mitatu ikakatika eneo lile, Seacom ikiwamo, na nanga hiyo ndiyo iliyoshukiwa zaidi. Kutengeneza mkongo katika bahari ya vita si kazi ya wiki moja, kwa hiyo mlango wa kaskazini ukabaki mwembamba kwa miezi. Tarehe 14 Machi mikongo minne ya Afrika Magharibi ikakatika karibu na Abidjan. Mitandao mingi ikajifunza kusogeza mizigo yake huku na huku kwenye njia zilizobaki.

Halafu ikaja tarehe 12 Mei, EASSy na Seacom zikakatika kwa pamoja upande wa Durban. Mlango wa kusini nao ukafungwa. Tanzania na kisiwa cha Mayotte ndizo zilizoumia zaidi. Msumbiji na Malawi ziliguswa kwa kiasi. Kenya ilivumilia vizuri kuliko sisi, na sababu inaonekana ukihesabu mikongo inayotua Mombasa: TEAMS, Seacom, EASSy, DARE1, PEACE. Si wingi tu wa mikongo, ni kwamba haipiti yote njia moja.

Makonda walifanya kazi yao siku ile. Matangazo yalibadilika, njia mpya zikapatikana, nyingine za nchi kavu kuelekea kaskazini. Lakini kujua njia ni jambo moja, na upana wa barabara ni jambo jingine. Ukifunga barabara ya Morogoro na kuyaelekeza mabasi yote kwenye njia ya vumbi ya kijijini, njia ipo na kibao kipo, ila hakuna anayefika. Ndiyo maana ulichokiona hakikuwa giza kamili bali kusuasua: maandishi yanapita, picha zinakwama, video haijaribu hata kufunguka. Kampuni zililazimika kununua haraka nafasi kwenye mikongo mingine, na huduma ikarejea kwa awamu siku zilizofuata.

Mkongo wenyewe ulisubiri meli. Watu hudhani kebo ya baharini ni jitu la chuma, kumbe kwenye kina kirefu ni nene kama mpira wa kumwagilia bustani. Karibu na ufuo huvikwa chuma zaidi kwa sababu ya nyavu na nanga, ambazo ndizo adui zake wakubwa. Duniani kote hitilafu za aina hii ni kama 150 hadi 200 kwa mwaka. Fundi akiwa ufukweni hutuma mwanga ndani ya uzi na kupima muda unaochukua kurudi kutoka palipokatika, na hapo anajua ni kilomita ngapi. Meli huenda hapo, ikashusha ndoana, ikavuta ncha moja juu na kuifunga kwenye boya, ikaitafuta ya pili, kisha mafundi wakaunganisha nyuzi moja moja ndani ya chumba safi. Kazi ya Mei ilifanywa na meli Léon Thévenin, yenye makao Cape Town.

Na kwa nini nyota na reli za jirani yangu hazikutetereka? Kwa sababu hazikuingia kwenye intaneti kabisa. Hupita katika njia ya ishara za simu, ileile inayobeba SMS, hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyomo nchini. Hazikuwa na safari ya Durban.

Kukutana nyumbani

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa kuwa ndipo penye dawa. Si kila kitu kinapaswa kwenda ng'ambo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, barua pepe kutoka mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilikuwa inatoka nje ya Afrika na kurudi, kwa satelaiti, kampuni zote mbili zikilipa dola kwa safari hiyo. Novemba 2000 watoa huduma wa Kenya wakakubaliana kufunga mtambo mmoja wa pamoja ambapo kila mmoja analeta waya wake na kubadilishana mizigo ya ndani. Wakauita KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti akaufunga ndani ya muda mfupi. Hoja ilibidi ielezwe tena na tena kwamba mtambo huo hauuzi safari za nje, ni soko la majirani tu. Februari 2002 ukafunguliwa upya na haujafungwa tena. Safari ya pakiti iliyokuwa ikichukua milisekunde 200 hadi 600 ikashuka hadi kati ya 2 na 10.

Namba hizo zina sababu ya kimaumbile. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo ya kilomita 10,000 kwenda na nyingine 10,000 kurudi inakula milisekunde 100 hata kama mitambo yote ni mipya. Hakuna kifurushi kitakachoifupisha bahari, na wala VPN, ile programu ya kupitishia data zako kwenye seva nyingine, haitaifupisha. Mara nyingi inairefusha.

Dar es Salaam tunacho kituo chetu cha mabadilishano kama hicho, TIX. Kampala wana UIXP. Kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii nazo huweka seva za akiba ndani ya majengo ya watoa huduma, ili video wanayoitazama watu elfu kumi ivushwe bahari mara moja tu, kisha igawiwe kutoka hapahapa. Kwa hesabu ya shirika la kimataifa la Internet Society, Kenya ilitoka kwenye asilimia 30 ya data kupatikana ndani mwaka 2012 hadi takriban 70 mwaka 2020. Kila asilimia katika hizo ni kitu ambacho nanga ya meli haiwezi kukigusa.

Lakini tazama tovuti zetu wenyewe. Shule ya Dodoma, duka la Arusha, ofisi ya Zanzibar: kwa kuwa kupangisha seva ng'ambo ni rahisi, tovuti zao ziko Ujerumani au Marekani. Mzazi wa Dodoma anayetafuta matokeo ya mwanawe anavuka bahari mbili na kurudi. Hili linanisikitisha kwa dhati. Kituo tunacho, waya tunao, ila mizigo tumeipeleka kuihifadhi kwa watu.

Kutafuta palipokatika

Siku nyingine neti ikigoma, usikimbilie vocha. Kama una faiba, angalia kwanza taa za kile kiboksi: taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwako, kwa hiyo tatizo liko kati yako na kampuni, labda trekta limechimba mtaani. Taa zote zikiwa za kijani, fungua ukurasa wa ruta yako yenyewe, mara nyingi kwa kuandika 192.168.1.1. Ukifunguka, Wi-Fi yako ni nzima. Kama programu zilizokwisha kuunganishwa zinaendelea lakini tovuti mpya hazifunguki kwa majina, washuku seva za majina. Badilisha DNS ya simu au ruta kuwa 1.1.1.1 au 8.8.8.8 ujaribu tena. Kama huduma zilizo nchini zinafunguka na za nje zinasuasua kwa kila mtu, kwa kampuni zote, basi ndiyo, tazama upande wa baharini. Na kama kampuni moja tu ndiyo imekwama huku laini ya jirani inakwenda, bahari haina kosa.

Mkongo wa 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000 kulizunguka bara, umefikishwa Mombasa na Dar es Salaam, na utaongeza nafasi nyingi. Hata hivyo njia yake nayo imechorwa kupitia Bahari ya Shamu upande mmoja na Afrika Kusini upande mwingine. Ndiyo maana ninapozungumza na mtu anayetaka kuunganisha faiba ofisini, zahanati au shuleni, humwambia asimuulize muuzaji Mbps peke yake. Amuulize: mko kwenye kituo cha mabadilishano cha hapa nchini? Mna nafasi kwenye mikongo mingapi, na ipi inatoka kaskazini na ipi kusini? Na siku mikongo yote ya upande mmoja ikikatika, hiyo iliyobaki inabeba sehemu gani ya mzigo wangu?